Nyaya Tano za Babu

Mama alipokuja kuishi nami Komarock, alibeba mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na kitufe cha redio na transfoma ndogo kushinda kiberiti, haina maandishi, ina nyaya tano. Ndivyo vilivyobaki vya redio ya babu.

Transfoma hiyo ina kesi. Mama husema kwamba asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982, babu aliwazuia kwenda kanisani kwa sababu alikuwa amesikia redioni kuwa serikali imepinduliwa. Mjomba hucheka. "Redio ya mzee ilikuwa ya stima, na sisi hatukuwa na stima. Aliisikia wapi?" Kwake, babu alichukua hadithi ya jirani akaifanya yake.

Historia kubwa inajulikana. Wanajeshi wa anga waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze mapinduzi. Wanajeshi watiifu kwa Rais Moi wakayazima. Historia ya babu ndiyo haina shahidi, ila hizi nyaya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, karo ikinishinda, lakini kupima sijasahau. Fundi mmoja wa redio hapa mtaani akaniazima mita na kona ya meza.

"Usiichomeke kwa stima hata kwa mchezo," akaniambia. "Utaiua."

Upande mmoja una nyaya mbili, ukinzani wake haufiki omu moja: waya mnene, mfupi, wa kulisha spika. Upande wa pili una nyaya tatu, na kutoka ule wa kati hadi kila wa pembeni ukinzani ni karibu sawa. Tukatoa mlio kwenye simu, mitetemo 400 kwa sekunde, ukapitia ampu ndogo na kuingia upande wa spika kwa volti 1. Upande wa pili ukasoma volti 8. Kutoka waya wa kati, 4 na 4.

Uwiano ni 8. Mzigo wa spika hubadilika kwa mraba wa uwiano, yaani 64, kwa hivyo spika ya omu 8 huonekana upande wa pili kama omu 512. Redio za valvu kwa kawaida hutaka maelfu. Mia tano ni hesabu ya transista. Waya wa kati unaonyesha transista mbili zilizokuwa zikipokezana, kila moja na nusu yake ya wimbi. Sauti ikitulia, zinakula moto kidogo sana, na hapo ndipo betri hudumu.

Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, ukiwalenga walowezi. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na redio zake zikaanza kuuzwa huko 1954. Ni redio hizo za betri zilizokuja kuingia nyumba ambazo nguzo za stima hazijafika.

Nilimpigia mjomba. Nikamweleza kwamba transfoma ya umbo hili ni ya redio ndogo ya betri. Haithibitishi kuwa babu alisikia. Inathibitisha tu kuwa angeweza.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo betri," akauliza, "mzee alikuwa akiinunua na pesa gani?"

Mama, aliyekuwa akisikiliza, akafunika mkebe. "Mwambie aliuza kuku."