Cello yatimiza miaka 10: Programu iliyochora saketi ndani ya bakteria

Aprili 1 mwaka huu imetimia miaka 10 tangu jarida la Science litoe ripoti ya Cello, programu inayosanifu DNA jinsi mchoraji wa ramani anavyosanifu nyumba. Mtumiaji anaandika anachotaka seli ifanye kwa Verilog, lugha ileile wahandisi wanayobunia chipu za kompyuta, na programu inamrudishia mfuatano wa herufi A, T, G na C. Nimeirudia ripoti ile wiki hii, na heshima yangu kwake imeongezeka.

Mbegu ilipandwa Januari 2000. Toleo moja la jarida la Nature lilibeba swichi ya jeni ya Gardner, Cantor na Collins wa Chuo Kikuu cha Boston, pamoja na jeni 3 za Elowitz na Leibler wa Princeton zilizozimana kwa zamu, bakteria wakawa wanawaka kijani na kufifia.

Lakini aliyeziona jeni kama vipuri vya dukani ni Tom Knight wa MIT. Huyu alikuwa mtu wa kompyuta, mmoja wa waliounda mashine za Lisp. Ukubwani akarudi darasani kusoma baiolojia, kisha akafungua maabara ya bakteria ndani ya maabara ya kompyuta. Kilichomkera ni kwamba kila mtafiti aliunga DNA kwa njia yake. Mwaka 2003 akaleta BioBrick: kila kipande kiwe na sehemu za kukatwa na vimeng'enya vilevile, EcoRI na XbaI mwanzoni, SpeI na PstI mwishoni. Ncha iliyokatwa na XbaI hushikana na ya SpeI, na zikishashikana hakuna kati ya viwili hivyo kinachoweza kupakata tena. Fundi anaongeza kipande kipya bila kugusa kiungo cha jana. Mimi nauona huo kuwa ufundi wa hali ya juu.

Tatizo likajificha palepale kwenye kiungo. Huacha kovu la herufi 8, TACTAGAG, na katikati yake mna TAG, ambayo ribosomu huisoma kama amri ya kuacha kutengeneza protini. Ukitaka kuunga vipande viwili viwe protini moja, kazi inakatikia hapo. Wanabaiolojia wakasema tuliwaambia, seli si ubao wa saketi. Januari 2010 Nature nayo ikaandika waziwazi kwamba vipande vingi havijapimwa, na kwamba kipande kinachofanya kazi katika seli hii huenda kisifanye katika ile. Wapo walioyaona maneno hayo ni ya kukatisha tamaa. Kwangu mimi, manung'uniko yale ndiyo yaliyoinyoosha fani.

Zikaja programu zilizoitangulia Cello. GenoCAD ya Virginia Tech ilikagua mpangilio wa vipande kama mwalimu anavyokagua sarufi. Clotho ya Berkeley na TinkerCell ya Seattle nazo zikapata wafuasi wao.

Timu iliyounda Cello, ya Christopher Voigt wa MIT na Douglas Densmore wa Boston, ilianza na vipimo. Walipima geti za jeni, yaani swichi za mantiki zilizojengwa kwa DNA, moja baada ya nyingine ndani ya aina moja ya E. coli, wakaweka namba kwenye faili ambalo Cello hulisoma kabla ya kuchora chochote. Ukibadili bakteria, unapima upya. Saketi 60, jumla ya jozi 880,000 za herufi, zilijengwa kama programu ilivyoagiza, bila marekebisho. Zilizotii katika kila hali ni 45. Zile 15 zilizokosea nazo waliziandika, na hilo ndilo ninalolisifu zaidi.

Inaniuma kuona programu nyingi za vyuoni zikiachwa ukiwa mara ruzuku inapokwisha na wanafunzi waliozijenga kuhitimu. Msimbo wa Cello, hata hivyo, uko wazi. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu mwenye kompyuta na bando anaweza kuupakua bure usiku huu, na ndani yake atakuta lile faili la vipimo, geti moja moja, tayari kusomwa.