Nani ashike bunduki?
Habari ya sheria za silaha katika Kasongo na Kabambare

Katika vijiji vya Kasongo na vya Kabambare, kisha Misa ya Dominika, watu husemezana mara nyingi juu ya bunduki. Wengine wasema: «Serikali iko mbali, wanyang'anyi wako karibu. Afazali vijana wetu wapewe bunduki, wajilinde wao na mama zao.» Wengine wajibu: «Kijana anayepewa bunduki leo ili atulinde, kesho atatutoza kodi.» Katekista aulizwa, padri aulizwa, na kila mmoja atafuta neno la kujibu.

Ulizo hili si jipya. Inchi yetu imelijibu mara nyingi, na kila jibu limeacha alama. Afazali basi tuangalie kwanza mambo yaliyopita, kabla ya kutoa shauri letu.

I. Soko la Nyangwe

Bunduki ilifika kwetu pamoja na wafanya biashara, Waarabu na Waswahili, waliotoka Unguja na kupita Tabora na Ujiji wakitafuta pembe za tembo. Karibu na mwaka wa 1870 walikuwa wamekwisha kujenga Nyangwe, kando ya Lualaba. Pale palikuwa soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta samaki, vyungu na vyakula vya mashamba, na hata wakati wa vita watu walizoea kuheshimu soko.

Tarehe 15 ya mwezi wa 7, mwaka wa 1871, watu wa kundi la Dugumbe waliingia sokoni na bunduki zao. Ugomvi mdogo ulitokea juu ya bei ya kuku. Kisha wakaanza kupiga bunduki katikati ya wanawake. Watu wakakimbilia mitumbwi; wengi wakafa kwa masasi, na wengine wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. David Livingstone alikuwa pale, akaona yote kwa macho yake. Habari aliyoiandika ilifika Ulaya, ikasaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka wa 1873.

Tulifikiri vizuri jambo hili. Wale wanawake hawakuwa na bunduki hata moja. Lakini ubaya haukuwa huo tu. Ubaya mkubwa ulikuwa huu: pale Nyangwe hapakuwa na mwamuzi wa kumwita mwenye bunduki na kumwuliza: «Umefanya nini?» Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, akazuiwa. Mgeni mmoja hakuweza kuwa baraza.

Baada ya hayo Hamed bin Muhammed alifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Ni yeye watu wanayemwita Tippo Tip, na katika habari za maisha yake, alizozitoa mwenyewe kwa Kiswahili, asema kwamba jina hilo latoka kwa mlio wa bunduki zake. Jina hilo latosha kutuonyesha mambo ya wakati ule. Mwenye bunduki alipata watu, na asiye na bunduki alitafuta bwana wa kumkinga, au akawa mtumwa. Wakubwa wengi wa inchi walifanya mapatano na watu wa Unguja ili nao wapate bunduki na baruti, wakazitumia juu ya jirani zao.

II. Sheria ya Bruseli

Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya azabu ya watumwa wa Afrika. Baba Mtakatifu Leo XIII alimpa kazi hiyo. Serikali nyingi zilisikia. Tangu mwezi wa 11 wa mwaka 1889, wajumbe wa serikali 17 walikutana Bruseli, na ile ya Unguja ilikuwa kati yao. Tarehe 2 ya mwezi wa 7, mwaka wa 1890, waliandika sheria ya kuzuia biashara ya watu. Sehemu moja ya sheria ile ilihusu bunduki.

Walisema hivi, kwa ufupi. Katika sehemu kubwa ya Afrika, bahari mpaka bahari, ni marufuku kuingiza bunduki, baruti na masasi. Bunduki zinazoingizwa kwa ruhusa ziwekwe katika gala la serikali. Bunduki mpya, zenye mistari ndani ya mtutu au za kupakiwa nyuma, zisipewe ila kwa jeshi la serikali, na kwa mtu anayejulikana ambaye aweza kuahidi kwamba hatampa mwingine. Bunduki yake ipigwe chapa na iandikwe katika kitabu. Watu wengine waweza kuuziwa bunduki za zamani tu, zile za gumegume, na baruti ya biashara. Tena si mahali ambapo watu wakamatwa utumwa.

Sheria hii ilikuwa na mema yake. Waliotoa shauri waliona wazi kwamba mshika watumwa bila baruti ni mtu zaifu. Tena gala, chapa, kitabu, jina la mwenye bunduki: mambo hayo yote yamo katika sheria za silaha za inchi nyingi mpaka leo.

Lakini ilikuwa na tundu moja kubwa. Serikali ndiyo iliyopewa ufunguo wa gala. Na katika Kongo, serikali ilikuwa ni Mfalme Leopold II peke yake, naye alikuwa pia mfanya biashara wa pembe na mpira. Tena, mwaka wa 1887, alikuwa amemweka Tippo Tip awe liwali wake kule Stanley Falls. Sheria haikuandika neno juu ya mtu atakayemwuliza mshika ufunguo.

Na Eklezia yenyewe? Nayo iliguswa na ulizo hili. Upande wa mashariki, ng'ambo ya milima, kando ya ziwa Tanganyika, watu waliokimbia utumwa walijikusanya kwenye misioni ya Mpala. Mwaka wa 1887 Kapiteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, alikuja kukaa nao. Alifundisha vijana kushika bunduki, akawakinga watu miaka mingi. Hatuwezi kumlaumu, kwani bila yeye wengi wangefungwa minyororo. Lakini tusisahau hili: Joubert alikuwa chini ya amri, alijulikana kwa jina, akakaa na wale aliowalinda mpaka kufa kwake mwaka wa 1927.

III. Ufunguo ndani ya mikono ya Bula Matari

Mwaka wa 1892 vita viliwaka kati ya Waarabu na serikali ya Leopold. Ngongo Lutete, mkubwa mwenye askari wengi, alikuwa rafiki wa Waarabu. Mwaka ule aliwaacha, akajiunga na Dhanis. Serikali haikumnyang'anya bunduki zake, bali ilizitumia. Nyangwe ilitwaliwa mwezi wa 3 wa mwaka 1893, na Kasongo mwezi wa 4. Sefu, mwana wa Tippo Tip, alikufa vitani mwezi wa 10. Kabambare ilitwaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka 1894. Hivi ukaisha utawala wa Waarabu katika inchi yetu.

Lakini mwezi wa 9 wa mwaka 1893, kabla vita havijaisha, maofisa wa serikali walimshitaki Ngongo Lutete kwamba ni msaliti, wakamhukumu haraka na kumpiga bunduki. Askari wake wengi waliingizwa katika jeshi la serikali. Mwaka wa 1895, kule Luluabourg, waliasi. Kuuawa kwa mkubwa wao na mateso ya kambini vilikuwa kati ya sababu zao. Mwaka wa 1897 askari wa Dhanis mwenyewe, waliokuwa njiani kwenda kaskazini, waliasi pia, wakarudi kusini na bunduki mpya za serikali. Mwezi wa 11 wa mwaka 1898 walitwaa Kabambare. Ni kusema: bunduki zilizokatazwa kwa mwana-inchi, zikafungwa galani na kupigwa chapa, zilirudi na kupiga kijiji kilekile.

Mahali pengi pa Kongo, katika miaka ile, walinzi wa makampuni walipewa bunduki ili walazimishe watu kuleta mpira. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na Leopold mwenyewe iliandika mwaka wa 1905 juu ya zuluma za walinzi hao. Mwana-kijiji hakuruhusiwa kuwa na bunduki nzuri. Mlinzi alikuwa nayo, na hakuna aliyehesabu masasi yake kwa haki.

IV. Kongolo na Simba

Tupite haraka miaka ya utawala wa Wabelgiji. Bunduki zilikuwa chache na ruhusa iliandikwa. Mwindaji mwenye barua yake aliwafukuza nguruwe wa pori katika mashamba, na watu walimshukuru. Lakini mtu hakufundishwa kwamba askari naye yuko chini ya sheria. Alifundishwa kumwogopa tu.

Matunda ya woga huo yalionekana baada ya uhuru. Tarehe ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 1962, kule Kongolo, kusini ya Kasongo, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa. Waliowaua hawakuwa wanyang'anyi wa pori. Walikuwa askari wa jeshi la taifa, na bunduki walizopewa na taifa.

Mwaka wa 1964 yakaja mambo ya Simba. Jeshi la Olenga lilipanda kutoka upande wa Uvira na Fizi, likapita Kabambare na Kasongo, na katika mwezi wa 7 likatwaa Kindu. Wengi wao mwanzoni walikuwa na mikuki na mapanga tu, na dawa ya maji waliyoamini kwamba ingegeuza masasi. Bunduki walizipata kwa askari waliokimbia. Watu wengine waliwapokea kwa furaha, juu ya uchungu waliokuwa nao kwa askari. Lakini mara Simba walipopata bunduki, nao wakaanza kuua makarani na watu wa serikali bila hukumu ya haki. Kisha wakaja askari wa serikali na wazungu wa kukodiwa, nao wakaua. Bunduki zilipita mikono mitatu, na kila mkono ulisema: «Mimi ni mkombozi.»

V. Sheria za siku zetu

Tusiseme kwamba inchi yetu haina sheria. Tarehe 3 ya mwezi wa 9, mwaka wa 1985, iliandikwa sheria juu ya silaha na masasi: mtu asiwe na bunduki bila ruhusa ya serikali. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 190, yakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kutunza vijana wenye silaha; anayefanya hivyo ni msaliti wa taifa. Mwaka wa 2021 serikali ilianzisha mpango mpya wa kupokea silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia.

Lakini vita vilivyoanza mwaka wa 1996 vilileta bunduki nyingi mno, na vijana wengi walijifanya Mai-Mai ili kukinga vijiji vyao. Katika Kabambare, pande za Salamabila, penye zahabu ya Namoya, kundi la Mai-Mai Malaika lilipigana na jeshi la taifa. Jina ni la mbinguni, maji ni yale ya Simba, na bunduki ni ileile. Na mwaka wa 2023 taifa liliandika sheria ya kuunda jeshi la akiba, ili raia wanaotaka kuilinda inchi waingizwe chini ya amri ya serikali. Wengine wasema hiyo ni njia ya kuwatia vijana ndani ya sheria. Wengine waogopa kwamba ni sheria inayofungua tena gala.

Kuna pia mfano mwema wa jirani. Katika miaka ya 2000, kule Katanga ya kaskazini, shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda, Mprotestanti, lilipokea bunduki na kutoa baiskeli. Mwenye baiskeli aweza kubeba mihogo na mawese mpaka sokoni. Watu wengi walikubali, kwani walipewa kitu cha kuishi nacho, wala hawakuulizwa kwa fimbo.

VI. Tujibu nini?

Katekisimu ya Eklezia Katoliki yafundisha, katika namba 2316, kwamba serikali ina haki, tena ina wajibu, kuongoza utengenezaji na uuzaji wa silaha, kwa sababu jambo hili lagusa mema ya watu wote. Yafundisha pia kwamba kujikinga na kukinga wengine si zambi. Basi, anayeomba ulinzi asitukanwe. Mama anayelala porini juu ya kuogopa usiku ana haki ya kulia.

Lakini mambo tuliyosoma yatuonyesha neno moja. Kila sheria ya silaha ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuondoa bunduki katika mikono ya wengi. Ya pili ni kumwuliza yule anayebaki nayo: masasi yako ni ngapi, umempiga nani, kwa amri ya nani? Tangu mwaka wa 1890 sehemu ya kwanza imeandikwa mara nyingi katika inchi yetu. Ya pili imefanywa mara chache sana. Ndiyo maana watu hawaamini sheria: wameona kwamba anayerudisha bunduki abaki mtupu mbele ya yule asiyeulizwa.

Kwa hiyo, mtu akituuliza: «Vijana wetu wapewe bunduki?», tumwulize nasi: «Siku watakapokosa, nani atawahukumu?» Kama hakuna jibu, bunduki hizo zitakuwa za Nyangwe tena. Na kiongozi akituomba kuwahimiza Wakristu warudishe silaha, tukubali kwa moyo wote, ila tumwombe naye kwa heshima: askari walipwe mshahara wao, wakae chini ya hakimu, na mjane aliyezulumiwa na mwenye kofia ya serikali apate mahali pa kushitaki bila kuogopa.

Kazi hii yaanza kwetu. Padri na katekista wajua majina ya waliokufa. Wayaandike katika kitabu cha parokia, pamoja na siku na mahali. Siku baraza la haki litakapofunguliwa, kitabu hicho kiwe tayari kusomwa.