Kisahani Kinachoachilia Misuli Kikipoa

Leo tuzungumzie misuli inayokuzwa katika maabara, maana kuna watu wanaoambiwa kwamba moyo uliochoka sasa unashonwa kiraka kipya.

Chembe za misuli hukuzwa kwenye kisahani cha plastiki katika joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili wa mtoto asiye na homa. Zikikua hushikana na kujibandika pale chini. Zamani ziling'olewa kwa vimeng'enya, navyo vilikata pia nyuzi zinazoziunganisha. Kilichopatikana ni chembe moja moja, si msuli.

Mwaka wa 1990 Profesa Teruo Okano na wenzake huko Japani walitangaza njia nyingine. Walipaka kisahani utando mwembamba mno wa plastiki ya aina yake. Joto likizidi nyuzi 32, plastiki hiyo hukataa maji na chembe huishikilia. Ikipoa chini ya hapo hunywa maji, huvimba, na chembe huachia zote pamoja kama karatasi. Mama, wewe unajua ukoko wa ugali: ukiukwangua unavunjika, ukiuloweka unabanduka wenyewe.

Kufikia mwaka wa 2002 wataalamu wa Tokyo walikuwa wamepanga karatasi za chembe za moyo wa panya, moja juu ya nyingine, nazo zikapiga kwa pamoja. Mwaka wa 2007, huko Osaka, Profesa Yoshiki Sawa alichukua chembe za msuli wa paja la mgonjwa, akazikuza hivyo, akaziweka juu ya moyo wake.

Mwaka wa 2015 serikali ya Japani ikaruhusu tiba hiyo iuzwe kwa masharti, ushahidi ukiwa wa wagonjwa 7 tu. Kwangu mimi hao ni wachache mno. Mwaka wa 2024 wakaguzi walipima matokeo, wakaona manufaa hayakuthibitika, na mauzo yakasimamishwa.

Kwa hivyo kabla familia haijaitisha harambee au kuuza ng'ombe kwa ajili ya kiraka cha moyo, iulize kwanza daktari wa moyo. Na mama aliyejifungua karibuni akivimba miguu, akikosa pumzi akilala chali, au akikohoa usiku, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Moyo unaodhoofika baada ya uzazi una dawa, na wengi hupata nafuu.