Saratani ya ngozi kwa wazee

Saratani ya ngozi kwa wazee ni ugonjwa wa seli za ngozi zinazokua bila mpangilio, na hatari yake huongezeka kadiri umri unavyosonga. Aina zinazojulikana zaidi ni saratani ya seli za msingi, ya seli bapa, na melanoma, ambayo ndiyo kali kuliko zote.

Chanzo

Mionzi ya urujuanimno ya jua huharibu DNA, na madhara hayo hujilimbikiza tangu utotoni. Uzeeni seli hujirekebisha kwa shida na kinga ya mwili hulegea.

Kwa watu weusi

Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hupunguza hatari bila kuiondoa. Melanoma ya Waafrika mara nyingi huota pasipopigwa na jua: kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Mkulima aliyezoea kutembea peku huona baka jeusi kisiginoni akadhani ni alama ya mwiba.

Saratani ya seli bapa nayo hupenda makovu ya moto na madonda ndugu ya miguuni. Saratani ya namna hii huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu yake mwaka 1828. Aliyeungua utotoni anaweza kukaa na kovu lililotulia miaka 30 au zaidi, kisha likaanza kuchimbika, kingo zikainuka na kuwa ngumu, likanuka na kutoa damu likiguswa. Inasikitisha kwamba wengi hufungwa bendeji kwa miezi kadhaa kabla ya kipande cha ukingo kukatwa na kupimwa kwa hadubini, kipimo ambacho ndicho hutoa jibu.

Ualbino

Kwa watu wenye ualbino saratani haisubiri uzee; wengi huugua wangali vijana. Kwa ajili yao, mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Kinga na matibabu

Utafiti wa Nambour, Australia, ulioanza mwaka 1992, ulionyesha kuwa kupaka mafuta ya kinga kila siku hupunguza saratani ya seli bapa. Kwa ngozi nyeusi, lenye faida kubwa zaidi ni kukagua nyayo na makovu. Mzee mwenye macho hafifu na mgongo mgumu hawezi kuutazama wayo wake mwenyewe. Anayemwosha miguu ndiye amtazamie.

Uvimbe ukiwahiwa hukatwa. Ukichelewa, mguu wenyewe huenda ukakatwa, au mgonjwa akahitaji tiba ya mionzi, inayotolewa Tanzania katika vituo kama Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.