Usipige Msasa Bastola ya Babu

Wasee, leo tuongee kuhusu zile vidio za kutoa kutu. Mnazijua. Mtu anatoa bastola ya zamani iliyooza hadi haijulikani mbele ni wapi, anaitumbukiza kwenye siki, anapiga brashi ya waya, anapiga msasa, na baada ya dakika kumi inang'aa kama imetoka dukani leo. Mamilioni wanatazama. Hata mimi natazama, tena usiku, hadi bando iishe. Lakini nasema hivi: nyingi ya hizo vidio ni kufuta historia huku tukipiga makofi, na sisi watu wa Nyanza tuna sababu kubwa ya kukataa.

Kwanza tuelewe kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na oksijeni kinaanza kurudi kuwa kama udongo mwekundu kilikotoka. Chumvi ikiingia, kazi inaenda mbio zaidi. Pap Onditi hapa, na hewa ya ziwa, jembe likilala nje msimu wa mvua utaona mwenyewe. Kuitoa si uchawi. Siki au ndimu inayeyusha kutu kwa sababu ni asidi. Njia nyingine ni umeme: maji, magadi, chaja ya betri, chuma chako kwa waya wa hasi na kipande kingine cha chuma kwa waya wa chanya. Mafundi wa jua kali wanaijua. Kwa jembe au cherehani ya mathe, endelea tu, hakuna neno.

Shida ni pale chuma kikiwa ni ushahidi. Silaha za jeshi zilipigwa chapa: namba, alama ya kiwanda, alama ya ukaguzi, mara nyingine hata alama ya kikosi. Zile chapa hazina kina. Msasa hauulizi, unakula kutu na unakula namba pamoja nayo. Na kutu yenyewe inaweza kuwa imeshika umbo la kitambaa au ngozi iliyofungiwa silaha ile miaka mia iliyopita. Ndiyo maana fundi wa makumbusho hakimbilii brashi. Anaondoa udongo uliolegea, anakausha, anapiga picha, anaangalia kwa lenzi. Halafu anaweza kupaka tanini, jamaa ya vile vitu vinavyofanya chai ya rangi iwe kali mdomoni. Inageuza kutu nyekundu kuwa nyeusi iliyotulia, kisha anafunika na nta. Kitu kinabaki kizee, lakini kimeacha kuoza.

Sasa, hii inatuhusu aje? Vita vya kwanza vya dunia vilifika huku mapema. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na askari wa KAR wakavuka ghuba kutoka Kisumu kwenda kupigana nao tarehe 12. Juni 1915 meli ziliondoka Kisumu zikiwa zimejaa wanajeshi, wakaenda kupiga Bukoba. Kwa hivyo mtu akichimba shimo la choo upande huu wa ziwa akakutana na chuma cha jeshi, asishangae.

Lakini fikiria kidogo. Bastola ilikuwa silaha ya afisa. Askari alipewa bunduki. Na kijana wa kutoka Nyakach, Seme au Gem aliyechukuliwa kuwa mpagazi alipewa nini? Alipewa mzigo. Risasi, unga, mahema, hata kitanda cha huyo afisa mwenye bastola. Huyo kijana hakuacha chuma chochote cha kutengenezewa vidio.

Mfano mkubwa zaidi wa kutengeneza silaha iliyoharibika katika historia yetu si bastola, ni mizinga. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakatoa mizinga yake yote 10 kwenye ile meli, wakatafuta majini hata sehemu za kufungia nyuma ambazo mabaharia walikuwa wamezitupa, wakapeleka kila kitu karakana za Dar es Salaam. Ikasafishwa, ikawekwa magurudumu, ikarudi vitani nchi kavu. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Jinja, pale Nile inapotoka kwenye ziwa letu, na wa tatu uko Pretoria. Watu wanapiga selfi nayo. Kila mtu anasifu mafundi. Ni wangapi wanauliza ni nani waliokuwa wanaivuta kwenye matope na misitu? Walikuwa Waafrika, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba na mabega.

Na upande wa Waingereza ilikuwa vilevile. Wapagazi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu kati ya 116,000 na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Soma hiyo namba tena. Mzinga una namba yake imepigwa kwenye chuma hadi leo, na mtu aliyeuvuta hana hata jina kwenye ukuta. Kumbukumbu waliyobakiwa nayo ni Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar, majina yaliyotokana na kikosi chao, na wengi wetu tunapajua tu kama pa kununua nguo na nyama choma.

Waliorudi walikuta kodi imepanda na kipande kinawangoja shingoni. Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha, Gem, na Piny Owacho ikazaliwa. Ile hasira ilikuwa na sababu.

Kwa hivyo, siku mkibomoa nyumba ya zamani kwenu na bastola ianguke kutoka darini, usitafute siki. Usijaribu kuifanya ifanye kazi pia, kwa sababu Sheria ya Silaha ya Kenya haijali kama ni ya babu, bila cheti ni kosa. Usiibebe kwa begi kuzunguka nayo. Mwite chifu au polisi waje, piga picha kabla haijaguswa, na uwaombe watu wa Makumbusho ya Kisumu wahusishwe ili isiishie kwenye moto wa kuharibu silaha.

Halafu fanya kazi ambayo haihitaji fundi. Kaa na mzee wa pale nyumbani, uliza ni nani wa ukoo wenu alienda Kariokor, na alirudi ama hakurudi. Andika jina. Wazee wanaokumbuka haya majina wanaisha, na hakuna tanini ya kuwapaka. Mkipata jina, liandikeni hapo chini kwa komenti, na kijiji chake.