Rangi za Maji kama Ushahidi: Thomas Moran na Yellowstone, 1871

Picha za mandhari zilizochorwa kwa rangi za maji katika misafara ya uchunguzi ya Marekani ya karne ya 19 zilihesabiwa kwanza kuwa nyaraka, kisha sanaa. Msafara ulihitaji mtu wa kunakili miamba na mito, na rangi za maji zilifaa safari: kisanduku chake ni chepesi, karatasi hukauka upesi. Samuel Seymour aliandamana na msafara wa Stephen Long hadi Milima ya Rocky mwaka 1820. Karl Bodmer, Mswisi, alipanda mto Missouri mwaka 1833 pamoja na Mwanamfalme Maximilian wa Wied. Hata hivyo, ni kazi ya Thomas Moran inayodhihirisha zaidi kwamba nyaraka hizo hazikuwa na mtazamo usio na upande.

Moran, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Philadelphia, alianza kuichora Yellowstone kabla ya kuiona. Mwaka 1871 jarida la Scribner's Monthly lilimkabidhi michoro hafifu ya msafara uliotangulia, aichore upya kwa ajili ya makala ya Nathaniel Langford. Kiangazi cha mwaka huo akajiunga na msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden. Serikali haikumlipa. Fedha zake zilitoka kwa jarida hilo na kwa Jay Cooke, mfadhili wa reli ya Northern Pacific, ambayo ingenufaika na kila mtalii atakayevutiwa na eneo lile.

Huko Moran alifanya kazi bega kwa bega na mpigapicha William Henry Jackson. Kamera ilithibitisha kwamba chemchemi za maji moto na maporomoko vipo kweli, lakini picha zake hazikuwa na rangi, na ajabu ya Yellowstone ni rangi: manjano na wekundu wa kuta za korongo, buluu ya madimbwi yanayochemka. Moran alichora mistari ya penseli, akapitisha rangi nyepesi, na penginepo akaandika tu majina ya rangi pembeni mwa mchoro. Picha nyingi zilizokamilika zilitengenezwa baadaye, studioni. Kwa hiyo kinachoitwa ushahidi wa aliyeona kwa macho ni kwa sehemu kubwa kazi ya kumbukumbu na ustadi, na Moran mwenyewe hakuficha kwamba hakukusudia kunakili mahali kama palivyo.

Picha hizo, pamoja na za Jackson, zilionyeshwa kwa wabunge mjini Washington, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia saini sheria ya kuanzisha hifadhi ya taifa ya Yellowstone. Kudai kwamba rangi za maji ndizo zilizopitisha sheria ni kutia chumvi. Kampuni ya reli na Hayden walikuwa wakiishawishi Serikali tayari. Kilichofanywa na picha hizo ni kuipa hoja yao sura. Mwaka huohuo Bunge lilinunua kwa dola 10,000 mchoro mkubwa wa Moran wa rangi za mafuta unaoonyesha korongo la Yellowstone.

Sura hiyo ilikuwa na pengo. Watukudika, tawi la Washoshone, waliishi na kuwinda humo, ilhali mandhari ya Moran kwa kawaida ni nchi tupu inayomsubiri mtazamaji. Katika miaka iliyofuata wenyeji hao waliondolewa. Picha 15 za Moran zilizochapwa kwa rangi na Louis Prang mwaka 1876 zikaingiza nchi hiyo tupu majumbani mwa wanunuzi wa mijini.