Mzizi kr wa Kisanskriti na Minyambuliko Yake

Serikali, karakana na karani ni maneno yasiyokosekana magazetini, na wapenda lugha safi huyataja wanapotaka kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyokopa huku na huku. Ni kweli yamekopwa. Lakini asili yake yaelekea kwenye mzizi mmoja, ambao kwa umbo lake la Kisanskriti ni kr, maana yake 'tenda' au 'fanya'. Tumeona vyema kuueleza hapa, kwani wamfaa kila ashughulikaye na uundaji wa istilahi.

Sauti r katika mzizi huu ni irabu: hubeba silabi peke yake, kama m ya mtu. Mzizi unaponyambuliwa, irabu hiyo hukua ikawa ar, na pengine aar (irabu ndefu tumeiandika kwa kuirudia). Katika Rigveda umbo la kawaida la 'anatenda' ni krnoti. Karoti, lililoenea baadaye, hutokea hasa katika sehemu zake za mwisho. Kutokana na mzizi huo twapata krta 'iliyotendwa', kartr 'mtenda', karman 'kitendo', karana 'ala ya kutendea', kaarana 'sababu' na kaarya 'jambo la kutendwa'.

Tofauti kubwa na Kiswahili ni kwamba sisi twanyambua kitenzi mwishoni: tendea, tendana, tendesha. Kisanskriti huweka kiambishi mbele, na maana ikageuka kabisa. Upakaara ni fadhila, apakaara ni madhara, adhikaara ni mamlaka. Vyaakarana, yaani sarufi, maana yake ya asili ni kupambanua. Hata jina la lugha yenyewe ni samskrta, 'iliyotengenezwa ikakamilika'. Ile s ya katikati haimo katika mzizi, na Panini aliitungia kanuni yake.

Panini huyo aliishi yapata karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo, na Ashtadhyayi yake ina kanuni karibu 4,000. Istilahi anazozitumia kwa uhusiano wa jina na kitenzi hazikutoka mbali. Jina la jumla ni kaaraka. Na katika kaaraka sita, nne, yaani kartr, karman, karana na adhikarana, ni watoto wa kr. Msomaji aliyezoea mtenda, mtendwa na kitendo ataitambua mbinu hiyo mara moja. Kwa maoni yetu hakuna njia bora kuliko hiyo: mwanafunzi akiijua istilahi moja, nyingine amekwisha kuzikisia.

Katiba ya India ya 1950, kifungu cha 351, inaelekeza Kihindi kitajirishe msamiati wake kwanza kwa Kisanskriti, na tume ya istilahi za sayansi na ufundi iliundwa huko mwaka 1961. Ofisi huitwa kaaryaalay, 'makao ya kazi', kando ya daftar, neno lililoingia kwa njia ya Kiajemi. Uchaguzi huo una mantiki, ila una kichekesho chake: mtu akilikataa kaarkhaanaa, 'kiwanda', ati kwa kuwa ni la Kiajemi, amemkataa ndugu wa damu wa kaarya. Maana Kiajemi na Kisanskriti ni jamaa, na kaar 'kazi' na kardan 'kutenda' yametoka katika mzizi ule ule wa kale. Kaar pamoja na khaana 'nyumba' ndiyo karakana yetu. Sar 'kichwa' na kaar ni sarkaar, ambalo kwa umbo la sarkaari limetupatia serikali.

Karani alikuja kwa bahari. Wilson, katika kamusi yake ya 1855, aliliunganisha neno hilo la Kihindi na Kisanskriti, kwa maana ya 'mtenda'. Lakini karne nyingi kabla yake Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamtaja kirani katika habari za Zafar, na kumweleza kuwa ni mwandishi wa merikebu. Kwetu neno hilo limekwisha kupata wingi wake, makarani, na jina la kazi yenyewe, ukarani, kwa viambishi vya Kibantu vitupu.